Ungo Haupiti Sebuleni

Kanazi, Jumatano alasiri

Mwanangu Devota,

Ukuta wa nyuma wa nyumba yenu kule Biharamulo umefika usawa wa lenta, na hauna nafasi ya mlango. Aliyesema hivyo ni fundi Sospeter, kwa simu, leo saa tisa. Nilimuuliza mara mbili. Akajibu, "Mzee, ramani niliyopewa ina mlango mmoja, wa mbele. Mkitaka wa nyuma, nibomoe sasa, tofali hazijashikana sana. Lenta ikishamwagwa zege, hiyo ni kazi nyingine."

Inawezekana kubomoa hata baadaye. Mimi nilibomoa. Ndiyo sababu nakuandikia leo.

Nimekaa jikoni. Wewe uko kwa Mama Jovina, ng'ambo ya migomba, ambako shangazi zako wamekuita wakuage kwa namna yao. Vicheko vyenu vinafika hapa. Kesho saa kumi na mbili asubuhi unakwenda kwa mumeo. Mambo ya chumvi, ya wakwe, ya kuamka mapema na ya kununa kwa kiasi watakuwa wameyamaliza wao, nao wanayajua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka tisa.

Jumapili, siku moja baada ya ndoa, tulikuwa sebuleni watatu, ramani yenu iko mezani kati ya vikombe. Nilikuuliza, "Mlango wa nyuma uko wapi?"

"Haupo, Baba."

"Kwa nini?"

Ukacheka. "Si wewe uliyesema mlango wa nyuma ni wa wezi? Nimekua nikisikia wimbo huo."

Mumeo Renatus naye akacheka. "Mzee, sisi tumefuata sheria zako tu."

Nikanywa chai. Nimehoji watu kwa miaka mingi, wakubwa na wafungwa, na sikumbuki siku niliyokosa swali la kufuatia. Jumapili nililikosa. Maneno uliyoyasema ni yangu kabisa, nukta kwa nukta. Niliyasema ukiwa darasa la nne, tulipokuwa tunajenga nyumba hii. Sikukuambia wewe. Nilimwambia mama yako, na wewe ulikuwa unachezea mchanga wa mafundi.

Nyumba ya zamani huenda unaikumbuka kidogo. Ilikuwa ya miti na udongo, bati limeshika kutu, milango miwili inatazamana. Mbele aliingia mwenyekiti, katekista na wageni wa viatu. Nyuma, kupitia migombani, waliingia wengine wote. Wanawake walikuja na tope la shamba miguuni, wakaketi kwenye vigoda, wakamenya ndizi ambazo hazikuwa zao, wakasemana na kusema wasiokuwapo. Nikirudi kazini nilizima pikipiki pale kwenye mkaratusi na tayari naisikia nyumba. Nilikuwa nalalamika. Nilisema siwezi kuandika kwenye kelele.

Unajua kwamba kwetu kuna vitu havipiti sebuleni. Jembe lenye udongo halipiti. Kuni hazipiti. Ungo haupiti. Ungo ulioazimwa unarudi kwa njia ya nyuma, na haurudi mtupu, lazima uwe na japo konzi ya maharage kutoka kwa aliyeazima. Mwanamke akipita na ungo mbele ya viti vya wageni, na mwenye nyumba hayupo, atasemwa mpaka kisimani. Haya hayajaandikwa popote. Mimi nimezaliwa hapa, nilikuwa nayajua.

Lakini miaka ile nilikuwa naandika habari za uvamizi, Ngara na Biharamulo. Nilikuwa naingia kwenye nyumba za watu asubuhi yake, naangalia bawaba zilizong'olewa, naandika. Karibu zote nilizofika ziliingiliwa kwa nyuma. Kwa hiyo nilipochora nyumba hii ya tofali, nikaweka mlango mmoja wa mbele, wa chuma, wenye komeo mbili. Jiko nikaliingiza ndani. Dirisha la jiko nikalitia nondo.

Mama yako alikuja siku msingi ulipokamilika, akatembea juu yake kutoka kona hadi kona.

"Baba Devota, mimi natokea wapi?"

"Mbele, kama watu."

"Na Mama Jovina anaingilia wapi?"

"Mbele, kama watu."

Akaweka mikono kiunoni. "Umejenga nyumba yenye kinywa, mume wangu. Upande wa pili umeusahau."

Fundi mmoja aliangusha mwiko. Utani huo ulizunguka Kanazi wiki nzima. Kisimani walimuuliza mama yako kila siku kama nyumba ya mwandishi bado imefunga choo, naye akawajibu kwamba wamepeleka mgonjwa kwa fundi, wasubiri.

Aliporudia ombi lake bila utani, nilimjibu kwa ushahidi. Nilimtajia nyumba moja moja, kijiji kwa kijiji, mlango ulivyovunjwa na walichochukua. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Hakubisha, kwa sababu hakukuwa na cha kubisha. Mimi nikadhani tumekubaliana.

Tulipohamia, Mama Jovina alianza kuitia dirishani. Chumvi ilipita kwenye nondo. Kikombe cha karanga kilipita kikiinamishwa. Ungo haukupita. Wakaanza kupunguza kuja, mmoja baada ya mwingine, bila ugomvi wowote ambao mtu angeweza kuutaja. Mama yako akawa anachukua kigoda chake, anatokea mbele, anazunguka nyumba nzima, anakaa akiegemea ukuta wa nyuma kwa nje, anamenya ndizi anatazama migomba. Siku moja nilihesabu hatua. Zilikuwa arobaini na moja kutoka jikoni hadi pale alipokaa. Nikamwambia hatua arobaini na moja si safari.

"Si safari," akasema. "Ila hata kuku siku hizi wananipigia hodi mbele."

Nilicheka. Niliandika maneno hayo kwenye daftari kwa sababu yalikuwa mazuri, na baadaye niliyatumia kwenye makala, nikasema ni ya mkazi mmoja wa Kanazi.

Jambo la mwisho kuhusu nyumba. Nilimtaka afunge komeo zote mbili nikiwa safarini, hata mchana. Akaahidi. Mama yako alikuwa mtu wa kutimiza neno.

Sasa siku yenyewe, siku aliyofariki mama yako. Nilikuambia kwamba alijilaza mchana, hakuamka. Ulikuwa kidato cha pili, nilikuja kukuchukua bwenini, na tulipokuwa njiani uliniuliza, "Alikuwa peke yake?" Nikajibu, "Mungu alikuwapo." Hilo ni jibu la mtu anayekwepa swali. Wengine wakinipa jibu la namna hiyo huwa nauliza tena. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitano, ukageukia dirishani.

Hiki ndicho kilichotokea, kwa kadiri ninavyojua.

Alasiri ile nilikuwa Nyakisasa, kwenye mkutano wa kijiji kuhusu pampu ya maji. Daftari langu linaonyesha kwamba mkutano ulifungwa saa kumi na dakika tano. Ningeweza kuondoka muda huo. Nilibaki kwa sababu zililetwa ndizi na maharage, na wazee walikuwa wanazungumza vizuri.

Nilifika nyumbani saa kumi na mbili na nusu. Niliita mbele, sikujibiwa. Nikazunguka nyuma. Ungo wake ulikuwa chini, kando ya ukuta, na kuku wanadonoa maharage ndani yake. Nikachungulia dirishani, nikamwona. Ilinichukua karibu nusu saa kuvunja mlango wa mbele. Ulikuwa mlango imara, kama nilivyoutaka.

Alikuwa sakafuni, hapa jikoni, amelala ubavu kuelekea ukuta wa nyuma. Alikuwa amekwisha kukata roho. Mwili haukuwa umepoa sana. Vifundo vya vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vyeupe kwa chokaa. Niliviona. Nilivifuta kwa kanga kabla sijawaita watu waingie, kwa sababu sikutaka wamkute mchafu. Sikujiuliza chokaa ile ilifikaje pale.

Mama Jovina alikuja arobaini ilipopita. Hakuja mbele. Alisimama nje ya dirisha la jiko, ameshika nondo.

"Baba Devota, nina neno. Ukitaka kunifukuza, unifukuze."

"Sema."

"Siku ire nirikuja kurudisha ungo, kama saa kumi na robo. Nikaita, Mama Devota, hodi! Akanijibu kwa kugonga. Ngo, ngo, ngo, ukutani. Nikajua anatwanga karanga, wala sikuchungulia. Nikamwambia, twanga mama, kesho nakuja kuonja."

Akabadilisha mkono kwenye nondo.

"Akagonga tena. Mara tatu. Mimi nikacheka. Nikaweka ungo chini nikaenda zangu."

"Kwa nini hukuzunguka mbele?"

"Na ungo mkononi? Na wewe haupo? Nipite kwenye viti vyako kama nani?"

Nilikwenda kumuuliza daktari. Alikuwa amekwisha kuniambia kwamba mshipa ulipasuka kichwani. Safari hii nilimuuliza kama angefikiwa saa kumi na robo ingekuwaje. Alisema hawezi kusema ndiyo na hawezi kusema hapana. Nimeandika majibu ya aina hiyo mara nyingi na kuyaita majibu ya tahadhari. Sikujua namna mtu anavyorudi nayo nyumbani.

Wiki iliyofuata mzee Bukuru, yule seremala, alikuja anasukuma baiskeli yenye mlango wa mbao. Nikamwambia amekosea nyumba.

"Sijakosea. Mama Devota aliuagiza. Alisema nisikuambie, atakueleza mwenyewe ukiwa umeshiba."

"Aliuagiza lini?"

"Kama mwezi kabla ya msiba. Nimengoja arobaini ipite, nikaona nikiendelea kungoja mlango utanidodea."

Nikaupima kwa kiganja. Ulikuwa mpana kuliko kawaida. Nilimuuliza sababu.

"Hakuja na vipimo vya futi, huyo. Alikuja na ungo. Akausimamisha ubavuni hivi, akatembea, akaniambia, mtu apite nao namna hii bila kukwaruza mkono. Nikamwambia, mama, huo mlango ni wa ng'ombe. Akasema ng'ombe pia wakaribie."

Nilibomoa ukuta mwenyewe, kwa nyundo, kwa siku tatu. Uliporudi likizo ulikuta mlango, ukaniuliza wa nini. Nikasema ni wa kuingiza hewa. Ukasema unaingiza vumbi.

Vumbi hilo umelifagia miaka tisa, kwa hiyo una haki ya kujua linatoka wapi. Tangu nilipotia mlango ule, nasikia kugongwa. Si kila siku. Huwa ni alasiri, mara tatu, kimya, halafu mara tatu tena. Hakugongwi mlangoni. Kunagongwa ukutani, kushoto kwa mlango, usawa wa goti, kwa upande wa ndani.

Nimefanya nilichozoea kufanya. Nilitega panya, nikawapata wawili, kugonga kukaendelea. Nilipanda darini nikaangalia bati na misumari. Nilikata mgomba uliokuwa unaegemea ukuta, na Mama Jovina akanigombeza kwa sababu ulikuwa na mkungu. Nilidhani ni yeye, maana kila apitapo huweka kiganja pale ukutani, hata akiwa na haraka. Lakini nimesikia siku ambazo yeye alikuwa Keza kwa dada yake. Sikuambii kwamba ni mama yako. Sina chanzo cha pili. Nakuambia kwamba nasikia, na kwamba kila mara nainuka, nafungua mlango wa nyuma, nakuta migomba. Nikishaufungua siwezi kuufunga mpaka giza liingie. Ulikuwa unakuja unaufunga, mimi naufungua. Ulidhani ni uzee.

Nimewahi kuisoma hadithi hii kichwani kama habari iliyoletwa na mwandishi mdogo, ili nione kosa liko wapi. Vyanzo vyangu vilikuwa sahihi. Wezi walikuwapo na walipitia nyuma. Katika nyumba hii hajawahi kuingia mwizi hata mmoja. Kwa miaka mitano hakuingia mtu mwingine pia. Mama yako aliniuliza anatokea wapi, nikamjibu wezi wanaingilia wapi. Hilo ndilo kosa. Ningelikuta kwa mwandishi mwingine ningelipigia mstari.

Kosa la pili ni lile la njiani, nilipotoka kukuchukua bwenini. Nilijiambia nakulinda. Nilikufungia na wewe, komeo mbili, na humo ndani ukakaa na sentensi yangu kuhusu wezi, ukaichora kwenye karatasi, ukampa fundi.

Sikuambii mkae bila komeo. Biharamulo ina wezi wake, baadhi nimewaandika kwa majina. Wala sitampigia fundi kumwamrisha, ingawa leo saa tisa nilikaribia kabisa kufanya hivyo. Nyumba ile ni yako na mumeo. Ninachoomba ni kwamba ukifika, kabla hujafungua mizigo, mwende wote wawili mkasimame ndani ya zile kuta. Mwache Renatus akuulize unatokea wapi. Nawe umuulize yeye: atakayekuwa jirani yako, ambaye hata jina lake hamjalijua, ataingilia wapi siku ambayo huwezi kumfungulia. Mkiona mlango mmoja unatosha, basi utoshe. Lakini uwe uamuzi wenu. Usiwe wimbo wangu.

Kuhusu Mama Jovina. Anajua nakuandikia. Asubuhi nilikwenda kumuuliza, kwa sababu habari hii ni yake pia. Alikuwa anamenya ndizi za kukupikia. Akasema, "Mwandikie. Mimi mdomo wangu hautafika." Halafu akasema, "Ukimariza niambie, nijue nitamwangaria vipi asubuhi." Kwa miaka tisa hajala karanga. Ukitaka kukasirika, anza na mimi, na ukibakiwa na hasira, nirudie mimi. Yeye ndiye aliyekuja. Kesho atakuwa kwenye migomba kukupungia. Ukiweza, mwendee wewe.

Saa kumi na robo nilisimamisha kalamu, nikasikiliza. Nimesikia vicheko vyenu, na shangazi yako mkubwa akiwaambia wenzake wamwachie bibi harusi nafasi ya kupumua. Kama kulikuwa na kingine chini ya vicheko hivyo, leo sikuweza kukitenganisha. Mlango nimeufungua hata hivyo.

Barua hii utaikuta juu ya godoro lako, ndani ya ungo uliofungwa kwa kanga. Ni ungo ule ule. Nimetia na konzi moja ya maharage, maana sikuweza kuutoa mtupu. Usiuchanganye na vyombo vya jikoni, na usikubali upakiwe chini ya magunia. Fundi Sospeter aliniuliza kama mlango ukiwapo utakuwa wa upana gani, nikamwambia sina futi zake, kipimo kinakuja na gari la kesho. Mlango wenyewe nauacha hapa, Mama Jovina anautumia. Mzee Bukuru bado ana nguvu za kutengeneza mwingine.

Kama jibu lenu ni hapana, mwambie fundi hapana, hatakuuliza sababu, na mimi sitauliza. Kama ni ndiyo, asimamishe ungo ukutani, akate hapo.

Atangojea simu yako mpaka Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Lenta inamwagwa Jumamosi saa moja asubuhi.

Baba yako